Kikanisa cha Ronchamp: kuta zake si zege tupu, na paa lake halikulalia kuta

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu na nimepangiwa kuchambua kikanisa cha Notre-Dame du Haut kilichopo Ronchamp, Ufaransa. Nimeelezwa kuwa kuta zake ni zege tupu, nene kupita kiasi, kwamba paa lile zito limelazwa juu ya kuta hizo, na kwamba madirisha yalitobolewa ovyo kwa sababu msanifu wake, Le Corbusier, alikuwa amezichoka kanuni zake mwenyewe. Mwenzangu anasema jengo hili ni usaliti wa usanifu wa kisasa. Tena nashangaa: mtu ambaye hakuwa muumini alipewaje kazi ya kujenga kanisa? Mwisho, kuna kamati ya waumini imeniomba niwachoree kikanisa chenye paa kama lile. Niwajibu nini?"

Marahaba. Maswali yako ni mengi lakini wasiwasi nauona ni mmoja. Unaogopa kusimama mbele ya darasa ukisifia jengo ambalo huenda ni mchezo tu wa msanii mashuhuri aliyeachiwa afanye atakalo, na huku nyuma kamati inakusubiri uurudie mchezo huohuo kwa fedha za waumini. Wasiwasi huo una maana. Nitaanzia ndani ya ukuta, maana hapo ndipo ulipoelezwa vibaya, na ukishauelewa ukuta mengi mengine yatajieleza.

Ukuta wa kusini, ule mnene wenye madirisha mengi, ni ngoma, si gogo. Ndani yake kuna kiunzi cha zege lenye nondo: nguzo zilizo pana chini na zinazopungua kadiri zinavyopanda, zikiunganishwa na mihimili midogo ya kulala. Pande zote mbili za kiunzi hicho palitandazwa wavu wa chuma, kisha mchanganyiko wa saruji na mchanga ukarushwa juu ya wavu kwa mpira wenye msukumo wa hewa mpaka ukajenga ngozi ya sentimita chache. Juu ya ngozi hiyo ikapigwa chokaa nyeupe. Kati ya ngozi ya ndani na ya nje ni uwazi mtupu. Unene unaouona kwenye picha ni wa kweli kwa vipimo, lakini si unene wa zege. Mafundi wangetakiwa kuujaza ukuta ule zege kutoka chini hadi juu, wangelazimika kupandisha kilimani shehena ya kokoto, mchanga, saruji na maji ambayo mahali pale pasingeweza kuipokea. Kilima cha Bourlémont, kilipo kikanisa hiki, hakikuwa na njia nzuri ya kupitisha mizigo mizito, na maji yalikuwa haba.

Kuta nyingine zina hadithi tofauti. Juu ya kilima hicho palikuwa na kanisa la hija tangu zamani. Radi ililiunguza mwaka 1913, likajengwa upya, kisha mwaka 1944, majeshi yalipokuwa yakipigania eneo hilo, likabomolewa kwa mizinga. Mawe yake yalibaki chungu pale juu. Le Corbusier aliyatumia kujazia kuta mpya, na hapa ndipo utakapoelewa kwa nini kuta zimepinda. Ukuta wa mawe ulionyooka, mrefu na usio na tegemeo la pembeni, huangushwa kwa urahisi na nguvu inayousukuma kwa ubavu. Ukiupinda, kitako chake kinatawanyika juu ya eneo pana zaidi, na ukuta unajishikilia wenyewe. Mawe yale ya kuokota hayakufaa kubeba paa, kwa hiyo yalipewa kazi ya kusimama tu.

Paa nalo linabebwa na nini? Linabebwa na nguzo za zege zilizofichwa ndani ya kuta, ambazo vichwa vyake vinapenya juu na kulishika paa. Lenyewe ni maganda mawili ya zege, kila moja na unene wa sentimita 6, yaliyoachana kwa mita 2.26. Katikati yake kuna mihimili inayoyaunganisha, na sehemu iliyobaki ni hewa. Ukikaa ndani ukatazama pale ukuta unapotaka kukutana na paa, unaona mstari mwembamba wa mwanga, mwanya wa sentimita 10 hivi uliozibwa kwa kioo. Kwa maoni yangu mwanya ule ndio mstari muhimu kuliko yote katika jengo zima. Paa jeusi la zege ghafi, lenye alama za mbao zilizolifinyanga, linaonekana zito kama jabali linaloelemea katikati ya ukumbi, na papo hapo jicho linaambiwa kwamba halikugusa ukuta. Mwalimu wako akikuuliza ushahidi wa kwamba kuta hazibebi paa, mwoneshe mwanya.

Sasa tuje kwenye usaliti. Katika miaka ya 1920 Le Corbusier alitangaza kanuni tano za usanifu mpya, na mzizi wake ni kutenganisha kinachobeba na kinachofunika: nguzo zibebe, ukuta uwe huru kuchukua umbo lolote. Angalia tena nilichokueleza. Nguzo zinabeba, ukuta uko huru, na umetumia uhuru huo kupinda. Hata vipimo ni vilevile alivyovihubiri. Ule umbali wa mita 2.26 kati ya maganda mawili ni kipimo cha mtu aliyesimama na kuinua mkono juu katika mfumo wake wa vipimo alioupa jina Modulor. Mwenzako asiseme kanuni zilitupwa.

Hata hivyo usimjibu kwa kejeli, kwa sababu kuna jambo la kweli ameligusa. Msanifu Mwingereza James Stirling aliandika mwaka 1956, kikanisa kikiwa hakijatimiza hata miaka miwili, kwamba Ronchamp inaonesha mgogoro wa mantiki katika usanifu wa Ulaya. Katika nyumba ya Villa Savoye, aliyoibuni Le Corbusier na kukamilika mwaka 1931, nguzo ziko wazi na kila mtu anaona nyumba imesimamaje. Ronchamp nguzo zimezikwa, na ukuta mtupu umevikwa sura ya ukuta mzito. Hayo ni mabadiliko makubwa ya maadili ya ujenzi, na vijana waliomfuata Le Corbusier kwa sababu ya uwazi wa majengo yake walikuwa na haki ya kutikisika. Mimi nasimama upande wa Le Corbusier kwa sababu moja: alificha mifupa, lakini mwanya unaiungama. Wewe chukua upande wako, mradi hoja yako itoke kwenye mchoro wa mkato wa jengo, yaani jengo likichorwa kana kwamba limekatwa wima, na si kwenye picha ya mbele.

Kuhusu madirisha, neno "ovyo" liondoe kabisa. Kila tundu lilibidi lipite kati ya nguzo na mihimili iliyofichwa, kwa hiyo uhuru wa kutoboa popote haukuwepo. Kisha kila tundu limepanuliwa kwa pembe yake: jingine dogo nje na pana ndani, jingine kinyume chake, jingine limeinamishwa. Ukuta ukiwa na kina kirefu, pembe za tundu ndizo zinazoamua mwanga uingie saa ngapi na uangukie wapi. Jua la Ronchamp adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima, hivyo ukuta wa kusini ni chombo cha kulipokea, kulivunja vipandevipande na kuligawa ndani. Mwanga haufiki moja kwa moja machoni mwa anayesali. Unagonga kwanza mashavu meupe ya tundu, unalainika, ndipo unaingia.

Vioo vyenyewe si vile vya vipande vya rangi vilivyounganishwa kwa risasi, kama katika makanisa ya kale. Vingine havina rangi kabisa, na mtu aliye ndani anaona mawingu na majani ya miti. Vingine alivipaka rangi Le Corbusier mwenyewe kwa mkono, akaandika humo maneno ya sifa kwa Bikira Maria. Mwezi Januari 2014 wahalifu waliingia usiku kwa kuvunja kimoja cha vioo hivyo, kilichokuwa na mchoro na sahihi yake. Ukizungumzia uhifadhi darasani, hapo pana swali zuri: je, kioo kilichochorwa na mkono wa mtu aliyekufa mwaka 1965 kinakilishwe au nafasi ibaki na kioo kitupu? Nakala humrudishia mhujaji mwanga aliokusudiwa, lakini inadai mkono ambao haupo tena. Mimi ningechagua nakala iliyoandikwa wazi kwamba ni nakala, maana jengo hili liliundwa kwa ajili ya mwanga kwanza, na sahihi baadaye.

Minara mitatu isikupite. Kila mmoja ni bomba la mwanga juu ya kikanisa kidogo cha pembeni. Miwili midogo imepeana mgongo, mmoja ukipokea jua la asubuhi na mwingine la jioni, na kimoja cha vikanisa hivyo kimepakwa rangi nyekundu ndani, kwa hiyo mwanga unaoshuka unageuka mwekundu kabla haujafika altareni. Mnara mkubwa unaelekea kaskazini na kupokea mwanga uliotulia. Wazo hilo lilikuwa kwake kwa miaka mingi. Mwaka 1911, akiwa kijana anayezunguka na daftari, alichora magofu ya kasri la Kaisari Hadriano huko Tivoli, Italia, mahali ambapo mwanga unaingia pangoni kupitia bomba la juu. Nakuomba pia uiweke Afrika ndani ya uchambuzi wako. Katika miaka ya 1930 alifika bonde la M'zab nchini Algeria, akachora miji yake ya kuta nene zilizopakwa chokaa na matundu madogo, na watafiti wengi wanaona alama ya safari ile katika Ronchamp. Wanafunzi husoma kikanisa hiki kana kwamba kimetokana na ganda la kaa peke yake.

Ganda hilo la kaa ni la kweli. Aliliokota Long Island, karibu na New York, baada tu ya vita, akaliweka mezani pake, na mwenyewe alisema ndilo lililomfundisha umbo la paa. Lakini umbo hilo lilipewa kazi. Paa limeinama kuelekea magharibi ili maji yote ya mvua yakusanyike na kutokea kwenye mdomo mmoja wa zege, yaangukie kwenye birika lililo chini yake. Pale ambapo maji ni ya shida, paa la namna hiyo ni la kuvuna mvua.

Swali lako la imani linahitaji historia kidogo. Baada ya vita Ufaransa ilikuwa na makanisa mengi ya kujenga upya, na ndani ya Kanisa Katoliki kulikuwa na mabishano makali kuhusu wasanii gani waitwe. Marie-Alain Couturier, padre wa shirika la Wadominikani, alishikilia kwamba ni heri kumwita msanii mkubwa asiye na imani kuliko muumini asiye na kipaji. Mawazo ya namna hiyo ndiyo yaliyofungua mlango wa kazi kama kikanisa cha Vence, kilichobuniwa na Henri Matisse na kukamilika mwaka 1951. Si wote waliopendezwa. Mwaka 1952 Vatikani ilitoa maagizo kuhusu sanaa takatifu yaliyotaka tahadhari zaidi. Katika jimbo kuu la Besançon, Padre Lucien Ledeur, aliyekuwa katibu wa tume ya sanaa takatifu, ndiye aliyemfuata Le Corbusier. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Mradi wake wa kanisa la chini ya ardhi huko Sainte-Baume ulikuwa umekataliwa na viongozi wa Kanisa, na alisema hana haja ya kuifanyia kazi taasisi iliyokufa.

Kilichombadilisha ni kupelekwa kilimani. Juni 1950 alipanda Bourlémont, akakaa akichora upeo wa macho pande zote nne, na michoro ya kwanza ya mpango ikaanza siku zilezile. Aliahidiwa uhuru, akaelezwa mahitaji: ukumbi wa watu 200 hivi, vikanisa vitatu vya pembeni, na mahali pa ibada ya nje kwa maelfu wanaokuja siku za hija, hasa tarehe 15 Agosti na 8 Septemba. Ndiyo maana upande wa mashariki, chini ya ukingo wa paa, kuna altare nyingine na mimbari nyingine. Sanamu ya kale ya Bikira Maria imewekwa ndani ya kisanduku cha kioo ukutani, na hugeuzwa ielekee ndani au nje kulingana na mahali waumini walipo. Mtu anayesema jengo lile halijali ibada hajaitazama sanamu ile.

Ujenzi ulianza mwaka 1953, na kikanisa kikabarikiwa tarehe 25 Juni 1955. Siku hiyo Le Corbusier alieleza kwamba alitaka kujenga mahali pa ukimya, pa sala, pa amani na pa furaha ya ndani. Hakujifanya muumini. Lakini aliichukua sala kuwa jambo la kweli linalotokea kwa watu, akaiuliza inahitaji mwanga gani, sakafu gani, ukimya gani. Sakafu aliiacha ishuke na mteremko wa kilima kuelekea altareni. Mabenchi, yaliyotengenezwa na mchongaji Joseph Savina kwa mbao za mvule kutoka Afrika, yako upande mmoja tu, na nafasi iliyobaki imeachwa kwa wanaosimama. Naona msanifu anayewasikiliza wanaosali kwa makini hivi ana sifa ya kuwajengea.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Fremu ya chuma ya kengele, kazi ya Jean Prouvé, iliwekwa mwaka 1975 kando ya kikanisa. Mwaka 2011 yalifunguliwa jengo la kupokelea wageni na monasteri ya masista Waklara, vyote vilivyobuniwa na msanifu Renzo Piano, vimezamishwa ubavuni mwa kilima. Mradi huo ulipingwa vikali na watu wenye uzito katika fani, waliohofia kilima kitapoteza upweke wake. Mwaka 2016 UNESCO ilikiingiza kikanisa katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na kazi nyingine 16 za Le Corbusier katika nchi saba.

Sasa kamati yako, na hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko darasani.

Ganda la zege la sentimita 6 lina nondo ndani yake na hewa ya mvua juu yake. Zege jipya huilinda nondo kwa sababu lina ualikali mkali, na chuma hakishiki kutu katika hali hiyo. Miaka inavyopita, kaboni dioksidi ya hewani huingia kwenye vinyweleo vya zege na kuupunguza ualikali huo, ikianzia usoni kwenda ndani. Ikifika kwenye nondo na unyevu ukiwepo, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani, nyufa zinatokea, vipande vinaanguka, maji yanaingia kwa wingi zaidi, na kasi inaongezeka. Ganda likiwa jembamba, safari ya kaboni dioksidi ni fupi. Ngozi ya saruji iliyorushwa kwenye wavu ina udhaifu huohuo. Ronchamp imehitaji ukarabati zaidi ya mara moja, na inaupata kwa sababu ni urithi unaotunzwa na wengi. Kikanisa cha kamati yako kitatunzwa na nani mwaka wa 30?

Kuna na suala la mbao za kufinyangia. Paa lililopinda pande mbili linahitaji seremala ajenge kwanza paa zima la mbao kwa umbo hilo, limiminiwe zege, kisha livunjwe. Hilo ni jengo la pili kwa gharama na muda. Zaidi ya hapo, viwango vya leo vinataka nondo zifunikwe na zege nene kuliko enzi zile, hivyo nakala yako itakuwa nzito kuliko ganda la asili, na nguzo pamoja na msingi vitafuata.

Ningewaambia kamati hivi: umbo la paa waliache, wachukue jinsi jengo lile linavyofikiri. Paa la kawaida linaloshikwa na nguzo na kuachana kidogo na ukuta, mwanya ukiwa na kioo, litawapa ule mshangao wa mwanga bila ganda. Ukuta wenye kina, uliojengwa kwa tofali au mawe ya hapohapo, unaweza kubeba matundu yenye pembe. Paa la mteremko mmoja litawavunia maji. Ila usinakili ukuta wa kusini kama ulivyo. Kiwanja kikiwa karibu na ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi na hubadili upande, kaskazini kwa miezi kadhaa na kusini kwa miezi mingine. Pembe zilizopimwa kwa jua la Ronchamp hazitafanya kazi hapo. Wakisisitiza kabisa wanataka paa lililopinda, yapo mapaa mepesi ya chuma au mbao yanayoweza kupindwa upande mmoja. Hayatakuwa Ronchamp, lakini yatakaguliwa na kurekebishwa na fundi wa kawaida.

Kabla hujawaonesha mchoro wowote wa paa lililopinda, kaa ana kwa ana na mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, na udongo wa kiwanja upimwe. Wewe bado mwanafunzi na huna mamlaka ya kusaini, na kamati ikishaipenda picha ni vigumu kuirudisha nyuma. Kama pana jengo la zege la zamani wanalotaka kulipanua, na umeona madoa ya kutu, nyufa zinazofuata mstari wa nondo, au zege linalotoa sauti ya uwazi ukiligonga, usishauri kwa picha za simu. Mhandisi aende mwenyewe, na watu wasikae chini ya sehemu hiyo mpaka aseme. Zungumza pia na kiongozi wa ibada kuhusu altare, maandamano na idadi ya watu wa siku kuu, kama Ledeur alivyompa Le Corbusier orodha ya mahitaji kabla ya mstari wa kwanza.

Kwa darasa, chora mkato mmoja tu wa ukuta wa kusini na paa, kwa kipimo cha 1:50: nguzo, wavu, ngozi mbili, tundu moja lenye pembe zake, mwanya, maganda mawili na mita 2.26 katikati. Michoro ya asili imehifadhiwa na Fondation Le Corbusier jijini Paris. Linganisha mkato wako na yao kabla ya kuuwasilisha.